Mfuko wa kuzuia joto wa kamera: nimetembea nao msimu mzima wa jua, sifa zake na visa vyake

Wakuu, nianze na ujinga wangu mwenyewe maana bila huo nisingenunua huu mfuko. Nilikua na kazi ya nje, jua la saa saba mchana, nikaacha begi la kamera siti ya nyuma ya gari nikasema dakika kumi tu naenda kuongea na mwenye shughuli, na mnajua dakika kumi za mwenye shughuli zinavokua, nimerudi saa nzima imepita. Nafungua begi, ule mguu wa chuma wa lenzi ndefu ukaniunguza vidole. Ile raba ya kushikilia upande wa kulia wa kamera imeinuka pembeni kama soli ya kiatu kilichochoka, gundi yote imelainika. Nikawasha, ikaleta kile kialama cha kipimajoto cha kuonya joto papo hapo, nikarekodi video dakika chache ikajizimia zake. Mwenye shughuli ananiangalia, mi naiangalia kamera.

Wiki ileile nikaagiza mfuko. Jina la kampuni nalikalia kimya maana mifuko ya aina hii iko mingi na karibu yote imejengwa vilevile, kwahiyo ninachosema hapa kinahusu aina nzima. Ni mfuko wa kutumbukiza ndani ya begi la mgongoni. Nje kitambaa cha kijivu mpauko, katikati sponji nene kama kidole gumba, ndani foili inayong'aa kama kioo. Zipu inazunguka pande tatu, vigawanyio vya velkro vitatu. Humo inaingia bodi moja, yaani kamera bila lenzi, na lenzi mbili za kawaida, au bodi na lenzi moja ndefu ukiilaza. Tangazo lilikua limeandika kwa herufi kubwa UNAPOZA KAMERA YAKO. Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Kwanza haupozi kitu. Sponji na foili kazi yake ni kuchelewesha joto lisipite, basi, haina upande. Ni kama ile chupa ya kuhifadhia maji ya moto, ukitia ya moto yanakaa moto, ukitia ya baridi yanakaa baridi, chupa yenyewe haijui umetia nini. Ukiweka kamera iliyopoa, itachelewa kupata moto. Ukiweka kamera iliyochemka itachelewa kupoa, na hapo ndo watu wengi wanaumia bila kujua, nitafika.

Nikasema ngoja nipime badala ya kuamini tangazo. Nilichukua vipimajoto viwili vidogo vya dijitali, kimoja nikakichimbia ndani ya mfuko katikati ya lenzi mbili, kingine nikakiweka juu ya siti ila kisipigwe na jua moja kwa moja, gari nikalifunga vioo vyote juani. Nje ilikua nyuzi 32. Vyote vilianzia 27. Baada ya nusu saa siti ilisoma 47, ndani ya mfuko 30. Saa nzima, siti 52 na mfuko 35. Saa mbili, siti 54 na mfuko umefika 43, yaani ulikua unakuja taratibu tu kama mgeni anayejua ataingia. Siku nyingine jua linafanana nikarudia na begi langu la zamani la kawaida bila mfuko, nusu saa lilishafika 35, saa nzima 43.

Sasa soma kitabu cha kamera yako nyuma kule kwenye ukurasa usiosomwaga na mtu, kamera nyingi zimeandikwa zifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Kwa hesabu yangu begi la kawaida linavuka 40 kabla saa haijaisha, mfuko unakupa kama saa moja na nusu na ushee. Ndo faida yake yote kwenye gari, umenunua dakika za nyongeza. Si kidogo, ila si uchawi. Na msijidanganye kwamba kuacha kioo kimeshuka vidole viwili kunasaidia sana, joto la gari juani linapanda kwa kasi ile nusu saa ya kwanza, upenyo wa kioo unapunguza kidogo mno. Afadhali uweke begi chini pale kwenye miguu, au kwenye buti, na ulifunike taulo jeupe. Hilo taulo nimelijaribu pamoja na mfuko, ile saa moja mfuko ukasoma 33 badala ya 35. Taulo! Sio bidhaa wala nini. Dashibodi usiweke hata kifuniko cha lenzi, pale ndo penye moto kuliko sehemu zote za gari.

Haya tuje kwenye kamera iliyochemka. Ukirekodi video ya 4K, ile yenye picha kali sana, mfululizo, joto linatoka ndani yake yenyewe, kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) na prosesa na ile memori kadi, jua ni nyongeza tu. Canon EOS R5 ilipotoka 2020 Canon wenyewe walitangaza kwamba video ya 8K, iliyo kali kuliko 4K, itarekodi kama dakika 20 hivi, na hiyo ni kwa nyuzi 23, kwenye chumba kizuri kabisa, sio juani. Baadaye 2022 wakatoa R5 C yenye feni ndani, na Fujifilm mwaka huohuo X-H2S wakaitengenezea kifeni cha kubandika nyuma. Wangeona sponji inatosha wasingehangaika na feni. Kwahiyo ukimaliza kurekodi ukachukua kamera ya moto ukaifungia kwenye mfuko wa foili, umemfunika mgonjwa wa homa blanketi. Mi nilifanya hivo mara moja nikafungua baada ya dakika ishirini nikakuta bado ina moto ule ule, na nilikua nataka kuendelea na kazi. Siku hizi naizima, naipeleka kivulini, nafungua skrini ya nyuma isigusane na mwili wa kamera, nachomoa kadi, naiacha kwenye upepo mpaka nikiishika haina joto, ndo inaingia mfukoni. Na nyie wa Sony, zile modeli nyingi zina kipengele kwenye menyu cha joto la kujizima, kuna Kawaida na kuna Juu, ukiweka Juu inavumilia zaidi lakini wenyewe wanaonya usiishike mkononi, iweke kwenye stendi maana inaweza kuunguza ngozi. Mfuko hauna msaada wowote hapo.

Alafu kuna wale wa barafu. Kila nikisema habari ya joto lazima atokee mmoja aniambie weka pakiti ya barafu ndani ndugu. Nimeweka. Ile ya jeli, imetoka frizani ngumu kama tofali, nikaifunga kitambaa nikailaza chini ya mfuko. Baridi ilikuwepo kweli, nisiseme uongo, ila nilipofungua kuchukua lenzi chini foili ilikua na kidimbwi, velkro imelowa, na lenzi nimeitoa tu nje kioo cha mbele kikatoka jasho hapohapo. Nikafuta, kikatoka tena. Nikafuta, tena. Niliacha kufuta nikakaa nayo tu kama unavyokaa na mtoto anayelia.

Na hapa ndo napataka mpasikilize vizuri kuliko hizo habari za gari, maana joto la kawaida linachosha kamera taratibu lakini mabadiliko ya ghafla yanaingiza maji ndani. Hewa ya moto inabeba unyevu mwingi. Ikigusa kitu cha baridi inaumwaga. Chukua siku ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hapo kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi kitatoka jasho. Chumba chako cha kiyoyozi kimewekwa 20. Kamera imelala humo usiku kucha, kwahiyo imekua 20 mpaka kwenye skrubu ya ndani kabisa. Unatoka nayo asubuhi mlangoni unataka kukamata ule mwanga mzuri, umefungua tu, kioo cheupe. Ubaya sio ule wa nje unaoufuta na kitambaa. Ubaya ni ukifungua kubadilisha lenzi muda huo, hewa yenye unyevu inaingia kwenye sensa na kwenye kitako cha lenzi, huko kitambaa chako hakifiki.

Kiswahili chetu kimefanya jambo moja hapa nalipenda. Lile wingu la kwenye kioo tunaita ukungu, na ile kuvu nyeupe yenye nyuzi kama utando wa buibui inayoota ndani ya lenzi nayo tunaiita ukungu. Na kweli wa kwanza ndo unauleta wa pili. Unyevu ukikaa ndani, gizani, zaidi ya asilimia 60 na kitu kwa muda mrefu, ukungu huo unaota, na ukishaota unakula lile tabaka lililopakwa juu ya kioo na hata fundi akisafisha kovu linaweza kubaki.

Sasa nilidhani mfuko huu ndo dawa. Si unachelewesha mabadiliko? Nikaifungia kamera humo ndani ya chumba cha baridi, nikatoka, nikavumilia nusu saa nzima kwenye joto bila kufungua, najiona mtaalamu. Nimefungua, jasho. Nikashangaa sana mpaka nilipokumbuka vile vipimajoto vyangu. Mfuko uleule unaochelewesha kamera isipate moto ndani ya gari ndo huohuo unaichelewesha isizoee joto la nje. Baada ya nusu saa lenzi yangu ilikua bado na baridi ya chumbani, kifuko cha watu kimefanya kazi yake barabara, mi ndo nilikua nimekipa kazi ambayo sio yake. Na pia zipu zake hazizibi hewa, kwahiyo unyevu unapenya polepole huku kitu bado ni cha baridi.

Kinachofanya kazi hapo ni mfuko wa plastiki mwepesi wa kawaida wenye zipu ya kubana. Unaingiza kamera ukiwa bado kwenye baridi, unatoa hewa kadri unavyoweza, unabana, unatoka nayo. Jasho litatoka juu ya plastiki, sio juu ya kamera, na kwa kuwa plastiki ni nyembamba joto linaingia haraka. Bodi ndogo na lenzi fupi mi nangoja kama nusu saa, ile lenzi kubwa yenye vioo vingi saa nzima na zaidi. Ukigusa chuma chake kupitia plastiki ukaona hakina ubaridi, fungua. Watu wa nchi za baridi wanafanya hivohivo kinyume chake, wanafunga wakiwa nje kwenye theluji ndo wanaingia nyumba yenye joto, na wajanja wanachomoa kadi kabla ya kufunga ili waanze kuangalia picha huku kamera inapata joto pole pole. Hiyo ya kadi nimeiiba na mi naitumia.

Au zaidi ya yote usilaze kamera kwenye baridi. Mi siku hizi nikijua asubuhi nina kazi nje naiacha kwenye kabati lisilopigwa na kiyoyozi, mlango umefungwa, na asubuhi haina drama.

Nirudi kwenye mfuko wenyewe kama kitu cha kushika. Kitambaa cha nje kigumu, kimekwaruzwa na kimevumilia. Rangi ya kijivu mpauko nashukuru, kulikua na ya weusi wanaiita ya kiprofeshno, jamani nyeusi kwenye jua ya nini. Lenzi ndefu za Canon mnazoziona pembezoni mwa uwanja wa mpira hazijapakwa nyeupe kwa urembo, ni kwa ajili ya kurudisha joto la jua maana vioo na chuma ndani vinatanuka vikipata moto. Ndo maana pia ukizungusha fokasi ya lenzi ndefu inapita kidogo ile alama ya mbali kabisa, wameacha nafasi ya kutanuka huko. Kama waliotengeneza lenzi wanaogopa jua kiasi hicho we unanunua begi jeusi.

Zipu, hapa nina kinyongo. Kwenye kona mbili inakwama, kila mara, lazima utumie mikono miwili, na kwenye kazi mkono wa pili huwa una kitu kingine. Foili ya ndani imeanza kuchubuka pale kigawanyio kinaposugua, vipande vidogo vinavyong'aa nimevikuta kwenye kitako cha lenzi, hiyo haikunifurahisha kabisa maana hatua inayofuata ni sensa. Nimebandika utepe wa kitambaa pale. Velkro haishiki kwenye foili, inashika kwenye mistari miwili tu ya kitambaa, kwahiyo ule uhuru wa kupanga unavyotaka ni wa kwenye tangazo. Alafu unachakacha. Mahali pa kimya, watu wameinamisha vichwa, we unafungua mfuko unasikika kama mtu anafungua zawadi.

Kitu kingine usipoambiwa hutakijua, foili haipumui. Ukirudi na kamera ina unyevunyevu ukafunga, unyevu umefungwa nao. Naweka vipakiti viwili vya silika jeli, ile ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, nikiona imekua kijani naitia ovena nyuzi 120 masaa mawili hivi inarudi rangi yake. Ile ya bluu inayogeuka pinki siitaki, ina kobalti, na kobalti sio kitu cha kuchezea. Nyumbani mfuko unalala wazi, kamera inakaa kwenye kabati kavu la umeme, lile la kupunguza unyevu, limesetiwa unyevu wa asilimia 45. Usikaushe kupita kiasi nako, chini ya 30 raba na grisi za ndani zinateseka.

Betri, maneno machache. Betri za lithiamu zinachoka haraka zaidi zikiwa zimejaa chaji na ziko kwenye joto, vyote viwili pamoja. Kwahiyo zile za akiba usizijaze wiki mbili kabla ukazitupa kwenye gari, ziache nusu, zijaze usiku wa kuamkia kazi. Na ukizitoa kwenye gari la moto usizichomeke chaja hapohapo, subiri zipoe. Kwenye mfuko nimezipa pembe ya chini kabisa mbali na kifuniko, pale ndo panachelewa kupata joto.

Kwa wenye lenzi ndefu, onyo moja. Ukitoa lenzi iliyopoa kwenye mfuko ukaanza kupiga picha nayo moja kwa moja kwenye hewa ya moto, hata isipotoka jasho picha zako zitakua laini laini kama umekosa fokasi. Hewa iliyo ndani ya ile hudi, kile kikinga mwanga cha mbele ya lenzi, inachezacheza, baridi na moto vinachanganyika mbele ya kioo chako, ni mazigazi ya kwako binafsi. Nilipoteza nusu ya picha za mbio za mchana nikailaumu fokasi. Siku hizi navua hudi, naiacha lenzi kivulini dakika kama ishirini izoee, ndo naanza. Mfuko unazidisha tatizo hili kwa sababu ni mzuri kwenye kazi yake, ajabu eeh.

Nimelinganisha pia na lile boksi gumu la plastiki la kubebea vinywaji, nimelifuta vizuri, nimetandika taulo ndani. Kwa joto la kwenye gari boksi limeupiga mfuko vibaya, saa mbili ndani limesoma 37 ambapo mfuko ulisoma 43. Kuta zake nene, mfuniko unabana. Na hakuna mwizi anayechungulia gari akaona boksi la vinywaji akawaza kamera. Ila huwezi kulivaa mgongoni ukapanda nalo mlima, na ukiliweka chini kwenye kazi kila anayepita anafungua akidhani kuna soda. Kwahiyo gari kwa gari natumia boksi, nikitembea kwa miguu natumia mfuko.

Nyota? Tatu na nusu kati ya tano. Anayetembea sana juani na begi mgongoni, anayesafiri kwa basi masaa mengi, anunue, utamsaidia. Anayetoka kwenye kiyoyozi kuingia nje kwenye unyevu kila siku, aanze na vifuko vya plastiki, huo mfuko utamdanganya kama ulivyonidanganya. Anayerekodi video ndefu atafute feni na kivuli. Nusu nyota nimekata kwa zipu, nusu kwa foili inayochubuka, na nusu ya mwisho ni ya lile neno kwenye tangazo. Nilimwandikia muuzaji nikamweleza kwa heshima kabisa kwamba bosi, huu mfuko haupozi, unachelewesha joto tu, badilisha hayo maandishi watu wasije wakafungia kamera za moto humo. Akasoma. Baada ya siku mbili akajibu: "Ni kweli kaka, lakini si umeona ndani unavyong'aa?"